Dakika Tano za Kwanza: Kwa Nini Kila Mtu Ajifunze Msaada wa Kwanza

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu sana na kiwanja cha Bukoba. Ndani yake mlikuwa na watu 43. Katika hao 19 walikufa na 24 wakaokoka. Waliotangulia kuifikia ndege ile hawakuwa askari wala waganga, bali wavuvi na mitumbwi yao. Walitangulia kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba walikuwa pale.

Twaanza na habari hiyo kwa kuwa yaonyesha jambo ambalo twataka wasomaji wetu walifikiri. Katika kila ajali mtu wa kwanza kufika ni jirani, au mpita njia, au mwalimu aliyesikia kelele za watoto, au mama aliyekwenda kuteka maji. Mganga huja baadaye, au mgonjwa hupelekwa kwake baadaye. Kati ya saa ya ajali na saa ya mganga kuna muda. Mijini muda huo huweza kuwa mfupi, lakini vijijini huweza kuwa saa nzima au nusu ya siku. Je, muda huo ni wa nani? Ni wa yule aliye karibu. Yale anayoyajua mtu huyo, na yale asiyoyajua, ndiyo mara nyingi huamua kama mganga atapokea mgonjwa au maiti.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwapo penye lambo moja la kunyweshea ng'ombe, alipotolewa kijana wa miaka kumi hivi aliyekuwa amezama. Waliomtoa walikuwa watu hodari, wala hawakukawia. Walimshika miguu wakamning'iniza kichwa chini, wakamtikisa. Maji kidogo yakatoka kinywani, na watu wakashangilia wakidhani amekwisha pona. Kisha wakamlaza chali wakamkanda tumbo. Mmoja akaenda mbio kutafuta gari. Hapana mtu aliyempulizia kijana yule hata pumzi moja, na sisi tuliokuwa na kalamu mfukoni tulisimama kama wengine, maana hatukujua la kufanya. Gari lilipopatikana, mwili wake ulikuwa baridi. Hatuwezi kusema kwamba angalipona. Twasema tu ya kwamba hakupewa nafasi, na kwamba watu wote waliokuwapo walitaka kumpa.

Yafaa kwanza ijulikane kwa nini muda ni mfupi hivi. Mwili wa mwanadamu huishi kwa hewa. Mapafu huivuta, damu huichukua, na moyo huisukuma damu ile mpaka ifike katika kila kiungo. Viungo vingine vyaweza kuvumilia njaa ya hewa kwa kitambo. Mkono uliolaliwa usiku hufa ganzi, na ukiondolewa uzito hurudia hali yake. Ubongo hauwezi. Ubongo ni kama mtu asiye na ghala, alaye kile alichokipata leo. Moyo ukisimama, fahamu hupotea katika sekunde chache, na baada ya dakika nne hadi sita ubongo huanza kuharibika kwa namna isiyotengenezeka tena. Basi kila msomaji na apige hesabu mwenyewe: kutoka nyumbani kwake mpaka zahanati iliyo karibu ni dakika ngapi kwa pikipiki, ikiwa pikipiki ipo, na mafuta yamo, na mto haukujaa?

Mtu aliyezama ana bahati moja ambayo wengine hawana. Kwake yeye pumzi husimama kwanza, na moyo husimama baadaye kwa kukosa hewa. Akitolewa mapema na kupewa hewa, huenda moyo wake bado wapiga, nao hutiwa nguvu na pumzi chache tu. Kwa hiyo hapana ajali ambayo ujuzi wa mtu wa kawaida una faida kubwa kuliko hii. Wala si ajali ndogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikufa katika nchi zisizo tajiri. Hao si mabaharia wa bahari kuu. Wengi wao hufa katika visima, madimbwi, mito, malambo na maziwa, mahali pale pale watu wanapofua nguo na kunywesha mifugo.

Sasa tueleze namna ya kufanya, ingawa tutasema mbele ya kwamba kusoma peke yake hakutoshi.

Jambo la kwanza ni kwamba mwokoaji asife. Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa, na ni kweli: humshika amkaribiaye kwa nguvu zote, wakazama wawili. Mara nyingi ndugu huzama akimfuata ndugu. Kwa hiyo usijitupe majini ikiwa iko njia nyingine. Nyosha mti, kasia au kanga. Tupa kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko, maana dumu la lita ishirini likiwa tupu laweza kumwelesha mtu juu ya maji mpaka mtumbwi ufike. Kila mahali pa kutekea maji pangefaa kuwa na kamba na dumu la namna hiyo, navyo visiguswe kwa kazi nyingine. Twajua kwamba kuyalinda madumu yasichukuliwe ni kazi ngumu kuliko kuyaweka.

Akiisha kutolewa, mtikise mabega na kumwita kwa sauti. Asipoitika, mtume mtu akaite msaada, wala usiende wewe. Mlaze chali juu ya ardhi ngumu. Weka kiganja kimoja juu ya paji la uso, na vidole vya mkono wa pili chini ya kidevu. Kiinue kidevu ili kichwa kielekee nyuma, maana mtu aliyezimia ulimi wake hulegea ukaziba koo. Tega sikio kinywani pake huku ukikitazama kifua, usipitishe sekunde kumi. Jihadhari na jambo moja: mtu ambaye moyo wake umesimama huweza kuvuta pumzi moja moja za kukoroma, kama samaki aliyetupwa mchangani. Hizo si pumzi za uzima, nazo zimewadanganya watu wengi wakakaa kungoja.

Ikiwa apumua vizuri lakini hana fahamu, mgeuze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe, umkalie karibu. Ikiwa hapumui, mbane pua, funika kinywa chake kwa kinywa chako, umpulizie mpaka uone kifua kinainuka. Aliyezama na apewe pumzi tano za kwanza, kila moja ya muda wa sekunde moja. Asipozindukana, weka sehemu ya chini ya kiganja chako, ile iliyo karibu na kifundo cha mkono, katikati ya kifua chake juu ya mfupa wa kidari. Weka mkono wa pili juu ya ule wa kwanza. Nyosha viwiko, na ukandamize kwa uzito wa mwili wako, kama mtu anayekanda unga mwingi. Kwa mtu mzima kifua sharti kishuke sentimita tano au kuzidi kidogo, wala zisipite sita. Yaani yapata upana wa vidole vitatu. Kisha kiache kipande kabisa kabla ya kukandamiza tena. Mwendo wake ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mara mbili kwa kila sekunde, upesi kuliko watu wengi wanavyodhani. Baada ya mara 30 mpe pumzi mbili, urudie 30 nyingine. Kazi hii huchosha sana. Yafaa watu wapokezane kila dakika mbili pasipo kuchelewa katikati, wala wasiiache mpaka mtu apumue, au mwenye ujuzi zaidi afike, au nguvu ziwaishie kabisa.

Kwa mtoto mkono mmoja watosha, na kwa mtoto mchanga vidole gumba viwili. Kifua kishuke theluthi moja ya unene wake. Mtoto mchanga hupuliziwa kinywa na pua pamoja, pumzi ndogo ya mashavu, si ya kifua kizima. Na jambo hili lisisahauliwe: usifanye kazi hii juu ya kitanda cha kamba au godoro. Kitanda hubonyea, na kifua hakibonyei.

Labda msomaji atauliza, je, maji yaliyo tumboni hayatolewi? Hayatolewi. Maji ya tumboni hayamdhuru mtu kwa wakati ule, na yaliyoingia mapafuni si mengi kama watu wadhanivyo. Hewa yaweza kupita. Kumning'iniza mtu au kumkanda tumbo hupoteza zile dakika, tena huyapandisha matapishi yakaingia katika mapafu. Akitapika mwenyewe, mgeuze ubavu, msafishe kinywa, uendelee. Na hata akizinduka akasema yu mzima, apelekwe hospitali siku ile ile, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kumharibikia mtu baada ya saa kadhaa.

Hatusemi haya kwa kuwacheka wazee wetu. Wazungu nao walifanya hivyo, na zaidi. Katika mji wa Amsterdam watu walianzisha chama cha kuwaokoa waliozama mwaka 1767, na mji wa London ukafuata mwaka 1774. Lakini katika dawa walizozitumia siku zile mlikuwamo kumbiringisha mtu juu ya pipa, na kumtia moshi wa tumbaku tumboni kwa njia ya nyuma kwa mvukuto. Matajiri na wasomi waliyaamini hayo. Mwaka 1903 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Schafer, alitoa njia ya kumlaza mtu kifudifudi na kumkandamiza mgongo, nayo ikafundishwa katika majeshi na kwa maskauti kwa muda mrefu. Pengine msomaji atakuta kitabu cha zamani chenye picha ya njia hiyo, au babu aliyefundishwa hivyo ujanani. Asiifuate tena. Katika miaka ya 1950 madaktari Elam na Safar, huko Marekani, walionyesha ya kuwa pumzi ya kinywa kwa kinywa huingiza hewa nyingi kuliko njia zile zote. Na mwaka 1960 watu watatu wa mji wa Baltimore, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walitangaza kwamba moyo uliosimama waweza kusukumwa kutoka nje, kwa mikono mitupu juu ya kifua, pasipo kupasua mtu. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wakikipasua kifua na kuushika moyo wenyewe. Tangu mwaka huo jambo lililokuwa la chumba cha upasuaji likawa jambo la ukingo wa mto.

Lakini kujulikana kwake Baltimore hakukumfaa mtu yeyote wa kijijini, hata yule wa ng'ambo. Ujuzi ulifaa pale tu ulipowafikia watu wengi. Nchi ya Denmark ni mfano mzuri. Mwaka 2001, katika watu ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali, ni kama 21 tu katika kila 100 waliosaidiwa na watu waliokuwa karibu. Mwaka 2005 serikali iliamuru masomo haya yafundishwe shuleni, kisha ikawataka nao wanaotafuta leseni ya gari wajifunze. Kufika mwaka 2010 waliosaidiwa walikuwa kama 45 katika 100, na waliokuwa hai baada ya siku thelathini waliongezeka kutoka 3.5 hadi 10.8 katika 100. Twakubali ya kwamba Denmark ina magari ya wagonjwa na mitambo mingi, na kwamba matibabu ya hospitali nayo yaliendelea katika miaka ile. Hata hivyo kwanza ilibidi mtu aliye karibu apige magoti.

Na hesabu hiyo hiyo itufundishe kutosema uwongo kwa watu tunaowafundisha. Hata huko, karibu tisa katika kumi walikufa. Mwalimu akiwaahidi wanafunzi kwamba kila aliyekandamizwa kifua hufufuka, siku ya kwanza itakayowashinda wataidharau elimu yote, au watajilaumu wenyewe kwa kifo ambacho hawakukileta. Watoto waliozama na kutolewa upesi wana matumaini mazuri kuliko wengine. Mzee aliyeanguka kwa ugonjwa wa moyo, mbali na hospitali, matumaini yake ni madogo.

Watu wengi hujizuia kwa hofu. Wengine huogopa kumvunja mbavu. Naam, huweza kuvunjika, hasa za wazee; ubavu uliovunjika huunga, bali moyo uliosimama haujiamshi. Wengine huona karaha kuweka kinywa juu ya kinywa cha mtu wasiyemjua. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafula, kukandamiza kifua peke yake, pasipo pumzi, ni bora sana kuliko kusimama. Lakini kwa aliyezama na kwa mtoto, pumzi ndiyo dawa yenyewe, basi yafaa kushinda karaha hiyo. Tena iko haya ya mwanamume kumgusa mwanamke asiye wa nyumba yake. Hatuikejeli haya hiyo, maana ni heshima ya watu. Dawa yake ni wanawake nao wafundishwe, tena wawe wa kwanza, kwa kuwa wao ndio walio kisimani na jikoni na karibu na watoto kuliko sisi.

Hofu iliyo mbaya kuliko zote ni ya kushtakiwa. Mtu husema, nikimgusa naye akafa mikononi mwangu, ndugu zake watasema mimi ndiye niliyemwua. Jambo hili haliwezi kuondolewa na kitabu. Linaondolewa na chifu au mwenyekiti wa kijiji anaposimama barazani, mbele ya watu wote, kabla ya ajali yoyote kutokea, akawauliza wazee wakubaliane kwamba anayesaidia kwa nia njema hatalaumiwa. Likiisha kusemwa hadharani, watu hulikumbuka siku ya taabu.

Tumekaa sana penye maji, lakini damu nayo ina haraka yake. Mtu mzima ana damu yapata lita tano, na mshipa mkubwa ukikatwa kwa panga au katika ajali ya barabara huweza kuimwaga katika dakika chache. Dawa yake ni nyepesi mpaka watu huidharau: chukua kitambaa safi, au kisafi kadiri kilivyopatikana, ukikandamize juu ya jeraha kwa nguvu, wala usikiondoe kutazama. Dakika kumi kwa saa, si kwa kubahatisha. Damu ikipenya ongeza kitambaa juu yake. Kahawa, majivu, udongo na majani yaliyotafunwa hayazuii damu ya mshipa, nayo huingiza wadudu wa maradhi na pepopunda. Ikiwa ni mkono au mguu, na damu inaruka wala haizuiliki, hapo funga kitambaa kipana juu ya jeraha, mbali nalo upana wa vidole vitatu au vinne, pasipo kufunga juu ya goti au kiwiko; tia kijiti katika fundo, ukizungushe mpaka damu ikome; andika saa uliyofunga, hata kwa mkaa juu ya ngozi, wala usifungue mpaka hospitali.

Kufunga huko ni kwa damu hiyo tu. Twasema kwa mkazo, kwa kuwa watu huchukua kamba ile ile wakamfunga aliyeumwa na nyoka, na hapo huwa ni madhara. Kamba iliyofungwa kwa saa nyingi huua mguu wenyewe, akaokoka mtu na mguu ukakatwa. Wala kuchanja kwa wembe, kunyonya, na lile jiwe jeusi la nyoka havitoi sumu. Aliyeumwa na atulizwe, avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe, mguu ulazwe na kufungiwa mti kama uliovunjika, abebwe asitembezwe, apelekwe mahali penye dawa ya sumu ya nyoka. Hapa kazi ya msaada wa kwanza ni kutomdhuru na kutomchelewesha, ambayo kwa kweli ni kazi ngumu mbele ya umati wa watu wenye nyembe na mashauri.

Aliyeungua kwa moto au uji au mafuta na amwagiwe maji baridi safi ya kawaida kwa dakika ishirini. Ishirini ni nyingi, na mama atachoka kushika kata, lakini ndizo zinazopunguza kina cha kidonda. Mafuta, mayai, asali, udongo na dawa ya meno visipakwe, malengelenge yasipasuliwe. Mwenye kifafa asishikwe kwa nguvu wala asitiwe kijiko kinywani; ondoa mawe na moto karibu naye, na degedege likikoma mgeuze ubavu. Ugonjwa huo hauambukizi kwa mate wala kwa ushuzi, na aliyeachwa peke yake motoni kwa uzushi huo ameuawa na uzushi.

Twarudi kwa neno tulilolisema mbele, kwamba kusoma hakutoshi. Mikono hujifunza kwa mikono. Fundi mmoja wa vikaragosi vya watoto katika mji wa Stavanger, nchi ya Norway, Asmund Laerdal, alitengeneza sanamu ya mtu mzima mwaka 1960 ili watu wajizoeze kumpulizia na kumkandamiza. Sanamu hiyo imeenea duniani. Bei yake si ya shule zetu nyingi. Vyama vya Msalaba Mwekundu vya Tanzania na vya Kenya vinafundisha elimu hii, na chifu au mwalimu mkuu aweza kupeleka barua kuomba mwalimu aje siku ya baraza au ya mikutano ya wazazi. Kijiji kisichoweza kuwapeleka watu wote na kimpeleke mwalimu mmoja na mama mmoja, nao warudi kuwafundisha wengine.

Kwa kujizoeza kukandamiza, gunia dogo lililojazwa matambara yaliyoshindiliwa sana, likalazwa sakafuni, latosha kuzoesha mikono na mwendo, mmoja akihesabu kwa sauti na mwingine akitazama saa. Pumzi haziwezi kufundishwa kwa gunia, hizo ni mpaka sanamu ya Msalaba Mwekundu ije. Mtu mzima aliye hai asikandamizwe kifua hata kwa mchezo. Twajua watoto wa shule walivyo, kwa hiyo mwalimu na asitoke darasani. Na wale wa kwanza kufundishwa wawe wa vitongoji vilivyo karibu na maji, kisha madereva wa pikipiki, maana hao huwa barabarani mchana kutwa. Majina ya waliofundishwa na namba zao za simu, kwa idhini yao, yaandikwe kwa rangi juu ya ukuta wa shule, mahali ambapo mtoto aliyetumwa mbio ataweza kuyasoma. Gunia lenyewe hupasuka upesi, na heri kushona mawili.